Kinachoua Seli Kisahanini

Mwaka 1975 watafiti wa Chuo cha Tiba cha Virginia, nchini Marekani, walichapisha katika jarida la Taasisi ya Taifa ya Saratani ripoti iliyofungua mjadala ambao haujafungwa hadi leo. Walikuwa wamewapandikiza panya seli za saratani ya mapafu, kisha wakawanywesha THC, kemikali inayolevya iliyomo ndani ya bangi. Uvimbe wa panya hao ulikua polepole kuliko wa wenzao ambao hawakupewa. Tangu hapo imepita nusu karne. Maabara za Madrid, Stockholm, Wisconsin na Jerusalem zimeongeza ushahidi juu ya ushahidi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa kwa kanabinoidi za kutengenezwa, yaani kemikali zilizobuniwa na wanakemia ili zishike mahali palepale THC inaposhika mwilini. Ripoti nyingi zinakubaliana kwamba seli za saratani zikimwagiwa kemikali hizo kisahanini, hufa. Na bado hakuna mamlaka ya dawa duniani iliyoidhinisha kanabinoidi hata moja kuwa dawa ya kuua saratani.

Pengo hilo limezaa majibu mawili ya haraka. Wapo wanaosema makampuni ya dawa yanaificha tiba kwa sababu ya faida. Wapo wanaosema utafiti wote huo ni porojo za watetezi wa bangi. Kwa maoni yangu majibu yote mawili yanamdhulumu mgonjwa. Seli zilikufa kweli, na walioshuhudia ni wanasayansi makini. Ila zilikufa kwa masharti, na masharti hayo yanapimika: kiasi cha dawa, njia iliyopitia, aina ya seli, na kinga ya mwili iliyouzunguka uvimbe. Ukiyapima, unaelewa kwa nini miaka 50 imepita bila dawa, na huna haja ya kumtafuta mla njama.

Tuanze na kemikali zenyewe. Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni waliitenga THC na kuonyesha umbo lake mwaka 1964 nchini Israeli. Kwa zaidi ya miaka 20 hakuna aliyejua inashika wapi. Wengi walidhani inajipenyeza tu kwenye mafuta ya utando wa seli na kuuvuruga. Mwaka 1988 Allyn Howlett na William Devane, katika Chuo Kikuu cha Saint Louis, walionyesha kwamba ubongo wa panya una kipokezi maalumu cha kemikali za aina hiyo. Waliweza kufanya hivyo kwa msaada wa kanabinoidi ya kutengenezwa, CP 55,940, iliyotoka katika maabara za Pfizer, kwa kuwa THC yenyewe hunata ovyo kwenye mafuta na kuvuruga vipimo. Jeni la kipokezi hicho, CB1, lilisomwa mwaka 1990. Mwaka 1992 ikagunduliwa anandamidi, kemikali ambayo mwili huitengeneza wenyewe na ambayo hushika kipokezi hichohicho. Mwaka 1993 Sean Munro na wenzake wa Cambridge wakapata kipokezi cha pili, CB2, na walikipata ndani ya seli za saratani ya damu zinazokuzwa maabara. CB1 imejaa zaidi kwenye ubongo. CB2 imejaa zaidi kwenye seli za kinga.

Basi kanabinoidi za kutengenezwa zilianza kama vifaa vya kazi. WIN 55,212-2 ilizaliwa katika kampuni ya Sterling-Winthrop, iliyokuwa ikitafuta dawa ya maumivu na ikajikuta imeshika kipokezi cha bangi. HU-210 ilitoka Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem. Mfululizo wa JWH unabeba herufi za jina la John W. Huffman, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Clemson huko South Carolina, ambaye maabara yake ilitengeneza mamia ya kemikali za namna hiyo. Mojawapo, JWH-133, hushika CB2 kwa nguvu takribani mara 200 kuliko inavyoshika CB1. Kwa mtafiti wa saratani hiyo ni sifa kubwa, kwa kuwa ulevi wa bangi unapitia CB1. Dawa inayoweza kuiathiri seli ya saratani kupitia CB2 ingemwacha mgonjwa na akili zake timamu.

Upande wa pili wa swali ni kifo chenyewe. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walieleza katika jarida la saratani la Uingereza kwamba seli zina njia ya kufa kwa utaratibu: hunywea, hukata DNA yake vipande, hujigawa katika vifuko vidogo, kisha huliwa na seli jirani bila kuleta uvimbe wala usaha. Utaratibu huo umeandikwa katika jeni. Mnyoo mdogo wa udongo anayependwa na wanabiolojia hutengeneza seli 1,090 anapokua, na 131 kati yake hufa kwa amri, zilezile kila mara. Kazi iliyofumbua hilo ilipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Seli ya saratani ni seli iliyogoma kufa. Ndiyo maana dawa yoyote inayoirudisha kwenye utaratibu huo huwafanya watafiti wasimame na kutazama.

Lakini kifo cha seli kinapimwaje? Hapa msomaji wa ripoti anatakiwa awe macho. Kipimo kinachotumiwa zaidi ni rangi ya manjano inayogeuka zambarau pale seli inapoendelea kuchakata chakula. Zambarau ikififia, mtafiti huandika kwamba seli zimepungua uhai. Ila rangi hufifia pia seli zikiacha kuzaliana bila kufa, au mitokondria zake zikizubaa kwa muda. Ndiyo maana maabara nzuri huongeza vipimo vingine: kuangalia kama vimeng'enya viitwavyo kaspasi vimeamka, kama mafuta ya upande wa ndani wa utando yamejitokeza nje, kama DNA imekatika. Ripoti yenye rangi peke yake imesema jambo dogo kuliko kichwa chake cha habari.

Kundi lililofanya kazi ya kina kuliko mengine ni la Manuel Guzmán na Cristina Sánchez wa Chuo Kikuu cha Complutense, Madrid. Mwaka 1998 walionyesha kwamba THC inaziua kwa utaratibu seli za glioma, saratani ya ubongo inayoanzia kwenye seli zinazotegemeza seli za neva. Mwaka 2000, katika jarida la Nature Medicine, walikwenda mbali zaidi. Waliwapandikiza panya uvimbe huo ndani ya ubongo, wakaupelekea dawa moja kwa moja kwa mrija mwembamba, kundi moja THC na jingine WIN 55,212-2. Wasiotibiwa walikufa wote katika muda mfupi. Kati ya panya 15 waliopewa THC, watatu uvimbe wao ulitoweka kabisa, tisa waliishi muda mrefu zaidi, na watatu hawakupata nafuu yoyote. WIN nayo ilifuta uvimbe kwa baadhi na kushindwa kwa wengine. Mwaka 2001 kundi hilohilo likaonyesha kwamba JWH-133, inayochagua CB2, nayo inapunguza glioma.

Kinachoipa kazi ya Madrid uzito ni kwamba hawakuishia kuhesabu maiti za seli. Walifuata mnyororo hatua kwa hatua. Kipokezi kikishikwa, seli ya glioma hulimbikiza seramidi, aina ya mafuta ambayo kwa kiasi kidogo ni sehemu ya kawaida ya utando lakini ikizidi huwa ishara ya hatari. Seramidi huusumbua mtandao wa utando ambamo seli hutengenezea protini zake. Mwaka 2006 walitaja protini zinazobeba ujumbe wa msukosuko huo: p8, kisha nyingine, hadi TRB3. Mwaka 2009 wakaonyesha kwamba TRB3 huzima njia ya Akt na mTOR, ile ambayo seli nyingi za saratani huitumia kujihimiza kukua. Njia hiyo ikizimwa, seli huanza kujila yenyewe, ikimeng'enya viungo vyake vya ndani, na safari hiyo ya kujila humalizikia kwenye kifo cha utaratibu. Wakizuia hatua yoyote katika mnyororo, seli hunusurika. Na jambo lililowatia moyo kuliko yote ni kwamba seli za kawaida za ubongo za aina hiyohiyo, zikipewa dawa hiyohiyo, hazikufa.

Mahali pengine picha ilifanana. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 2005, kundi la Hasan Mukhtar liliripoti kwamba seli za saratani ya tezi dume zina CB1 na CB2 nyingi kuliko seli za kawaida za tezi hiyo, na kwamba WIN 55,212-2 ilizipunguza kulingana na kiasi na muda. Mwaka 2003 watafiti wa Uhispania walikuwa wamepunguza uvimbe wa ngozi kwa panya kwa WIN na JWH-133, na kuona pia kwamba mishipa midogo ya damu inayoulisha uvimbe imenywea. Taasisi ya Karolinska, Stockholm, ilipata vifo vya seli katika aina ya saratani ya tezi za limfu. Ukisoma ripoti hizo mfululizo ni rahisi kuamini kwamba dawa iko mlangoni.

Sasa tuhesabu. Mikromola moja ya THC ni sawa na nanogramu 314 katika mililita moja. Majaribio mengi ya kisahanini yanaua seli kwa mikromola 5 hadi 10, yaani nanogramu 1,570 hadi 3,140 kwa mililita, na hukaa na seli kwa saa 24 au 48. Mgonjwa anayemeza miligramu 10 za dronabinoli, THC ya kutengenezwa inayouzwa kihalali hospitalini, hufikisha kwenye damu kilele ambacho kwa wastani hakizidi nanogramu 10 kwa mililita. Anayevuta bangi anaweza kufikia mia moja na zaidi, lakini kwa dakika chache tu, kisha kiwango huporomoka. Zaidi ya hayo, katika damu THC karibu yote hushikwa na protini, ikabaki sehemu ndogo sana iliyo huru kuingia kwenye seli. Kisahanini watafiti hupunguza seramu, majimaji ya damu yenye protini hizo, wakati mwingine hadi karibu na sifuri. Mwaka 2000 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba matokeo ya kanabinoidi kwenye seli za glioma hubadilika kulingana na kiasi cha seramu kilichowekwa. Seli zilezile, dawa ileile, lakini majimaji tofauti, na matokeo yakawa tofauti.

Kwa kanabinoidi za kutengenezwa hesabu hiyo ina fumbo la ziada. Kemikali kama CP 55,940 na HU-210 hukijaza kipokezi kwa kiwango cha nanomola, au chini yake. Kama kipokezi kimejaa kwa nanomola moja, kwa nini seli isubiri mikromola, mara elfu zaidi, ndipo ife? Sehemu ya jibu ni kwamba kemikali hizi zinapenda mafuta: hunata kwenye plastiki ya kisahani, hushikwa na protini, haziyeyuki vizuri. Sehemu nyingine haifurahishi. Kwa kiwango hicho huenda kipokezi hakihusiki kabisa. Chuo Kikuu cha Umeå nchini Sweden kiliripoti mwaka 2009 kwamba kanabinoidi ziliua seli za saratani ya utumbo mpana kwa njia isiyopita kwenye vipokezi vya CB1 na CB2, zikisaidiana na 5-fluorourasili, dawa ya kawaida ya saratani hiyo.

Watafiti wana njia nzuri ya kuukata ubishi huu. WIN 55,212-2 ina pacha wake, WIN 55,212-3, mwenye atomi zilezile zilizopangwa kinyume kama sura kwenye kioo, na ambaye hakishiki kipokezi vizuri. Kifo kikija kwa pacha wa kwanza na kukosekana kwa wa pili, kipokezi kinahusika. Kikija kwa wote wawili, kinachoua ni kitu kingine: sumu ya jumla, utando uliochafuliwa, msukosuko wa oksijeni. Katika ripoti yoyote ya kanabinoidi na saratani, mimi hutafuta kwanza kama pacha huyo alijaribiwa. Mara nyingi hayupo. Na bila yeye hatujui kama tumesoma habari za kanabinoidi au habari za kemikali fulani iliyozidi kipimo, maana dawa ya kufulia madoa nayo huziua seli za saratani kisahanini bila kukosa hata moja.

Kuna pia suala la seli zenyewe. Seli zinazokuzwa maabara kwa miongo mingi huhama kutoka asili yake. U87 ni ukoo wa seli za glioma uliotokana na mgonjwa wa Uppsala katika miaka ya 1960 na kutumika katika maelfu ya tafiti duniani, za kanabinoidi zikiwamo. Mwaka 2016 watafiti wa Uppsala walilinganisha DNA ya seli zinazouzwa kwa jina hilo na kipande cha uvimbe wa asili kilichohifadhiwa. Hazikulingana. Uwezekano mkubwa ni seli za uvimbe wa ubongo bado, ila za mtu mwingine asiyejulikana.

Lenye kutisha zaidi kwangu ni matokeo ya mwaka 2004 kutoka maabara ya Axel Ullrich nchini Ujerumani. Huko waliona kwamba kwa kiwango cha mikromola kanabinoidi ziliua seli kama wengine walivyoona, lakini kwa kiwango cha nanomola, kile kinachofikika kwenye damu ya mtu, seli za saratani za mapafu na za ubongo zilizaliana zaidi. Kemikali ilikuwa inaamsha kipokezi kingine cha ukuaji. Kwa panya, nako, tafiti za mwaka 2000 na 2005 zilionyesha uvimbe wa mapafu na wa matiti ukikua kwa kasi zaidi baada ya THC, kwa sababu dawa ilikuwa imeilegeza kinga ya mwili. Na hilo lina mantiki, kwani CB2 imejaa kwenye seli za kinga, na kazi yake kubwa huko ni kuzituliza. Kisahanini hakuna kinga. Mwilini ipo, na tiba kadhaa mpya za saratani zinategemea kuiamsha. Chombo kinachoua seli ya saratani kwa mkono mmoja na kumlaza mlinzi kwa mkono mwingine hakiwezi kupimwa kwa sahani peke yake.

Wagonjwa nao wamejaribiwa, ingawa wachache. Mwaka 2006 kundi la Madrid pamoja na madaktari wa Tenerife, katika visiwa vya Kanari, walitoa taarifa ya wagonjwa tisa wa glioblastoma, aina ya glioma iliyo kali kuliko zote, ambao saratani yao ilikuwa imerudi baada ya matibabu ya kawaida. THC iliingizwa ndani ya uvimbe kwa katheta. Dawa haikuleta madhara makubwa, na katika vipande vya uvimbe vya wagonjwa wawili vilivyochunguzwa, kasi ya seli kuzaliana ilikuwa imepungua. Nusu ya wagonjwa waliishi wiki 24 au zaidi tangu dawa ianze. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, na idadi ilikuwa ndogo mno kusema kama wiki hizo ziliongezwa na dawa.

Jaribio la Karolinska ndilo lililonifundisha mengi zaidi. Hawa walikuwa wameona kisahanini kwamba kanabinoidi huziua seli za saratani ya limfu. Wakatoa kwa wagonjwa 23 wa saratani ya damu inayokwenda polepole dozi moja ya dawa ya kupuliza mdomoni yenye THC na CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, kisha wakafuatilia damu saa kwa saa. Ndani ya saa mbili seli za saratani kwenye damu zilipungua kwa takribani 11%. Mtu angeweza kukimbilia kwenye vyombo vya habari hapo. Wao walitafuta alama za kifo, na hawakuzikuta. Seli nyingine za kinga zilikuwa zimepungua pia, na kesho yake zote zikarudi, juu kidogo ya pale zilipoanzia. Inaelekea zilikuwa zimehamia kwenye tishu nyingine kwa muda, zikiwa hai. Ripoti ilitoka mwaka 2022, na naiheshimu kwa uaminifu wake, kwa sababu watu hao walikuwa na kila sababu ya kutaka jibu jingine.

Angalia kwamba majaribio hayo yote yalitumia THC na dondoo za mmea. WIN, HU-210 na JWH hazijafika kwa wagonjwa wa saratani. Mojawapo tu ya jamaa zao, dexanabinoli, ambayo ni sura ya kioo ya HU-210 isiyolevya, imefikia hatua ya awali ya kupima usalama kwa wagonjwa. Sababu haina siri. Nyingi ya kemikali hizi za kutengenezwa hukiamsha kipokezi cha CB1 kikamilifu, ilhali THC hukiamsha nusunusu, na kwa binadamu tofauti hiyo ni hatari.

Ushahidi wa hatari hiyo uliletwa na mitaa. Ripoti za kisayansi zilizochapishwa kwa nia njema zilisomwa pia na wafanyabiashara wa dawa za kulevya. Mwishoni mwa mwaka 2008 maabara za Ujerumani na Austria zilikuta JWH-018, kemikali ya Huffman, imepuliziwa kwenye majani makavu yaliyokuwa yakiuzwa madukani kama ubani kwa jina la Spice. Mwaka 2011 Marekani ilipiga marufuku tano za kwanza, wauzaji wakahamia nyingine. Mwezi Julai 2016 watu 33 walizubaa kama mizuka kwenye mtaa mmoja wa Brooklyn, New York, kwa kemikali iliyotokana na hati miliki ya Pfizer. Mwaka 2018 huko Illinois zaidi ya watu 150 walivuja damu, na baadhi kufa, kwa sababu majani yao yalikuwa yamechanganywa na sumu ya panya inayozuia damu kuganda. Afrika haikuachwa. Mauritius imekuwa ikipambana na kanabinoidi za mitaani kwa miaka, na nchini Sierra Leone, ambako Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya dharura mwezi Aprili 2024 kwa ajili ya kush, dawa ya kulevya ya mitaani, vipimo vimekuta ndani yake kanabinoidi za kutengenezwa pamoja na opioidi kali.

Kwa hiyo mtu anapokuambia kwamba kanabinoidi za kutengenezwa zinaua saratani, swali la kwanza la haki ni ipi, kwa kiasi gani, na imetoka wapi. Kwetu Afrika Mashariki swali hilo lina uzito wa pekee. Bangi ni haramu Tanzania na Kenya; Rwanda na Uganda zimeruhusu kilimo chake kwa masharti, kwa ajili ya dawa na soko la nje. Mafuta yanayouzwa kwa siri hayana kipimo kinachoaminika, na hakuna wa kumshtaki yakikudhuru. Lakini hasara kubwa ninayoihofia ni ya muda. Wagonjwa wetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na miezi inayotumika kujaribu chupa ya mafuta ndiyo miezi ambayo upasuaji ungefaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 uliwalinganisha wagonjwa waliochagua tiba mbadala peke yake na wenzao waliopata matibabu ya kawaida kwa saratani ambazo zilikuwa bado zinatibika. Hatari ya kufa kwa waliochagua tiba mbadala ilikuwa mara mbili na nusu.

Kampala inajua dawa ya kweli ya saratani inavyoonekana inapofika kwa mgonjwa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya kwa watoto wa Uganda ambao leo unabeba jina lake, na katika miaka ya 1960 uvimbe huo ulianza kutibiwa kwa dawa kama saiklofosfamidi. Taya zilizovimba zilinywea ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona moja kwa moja. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 kuendeleza kazi hiyo. Hakuna aliyehitaji kuomba radhi kwa ajili ya kipimo cha kisahanini, kwa sababu matokeo yalionekana kwenye nyuso za watoto. Kanabinoidi, baada ya miaka 50, hazijaonyesha chochote kinachokaribia hapo.

Hazikosi kazi, hata hivyo. Dronabinoli na nabiloni, zote za kutengenezwa, ziliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha tiba ya kemikali kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimewashinda. Kumwezesha mgonjwa amalize mzunguko wake wa dawa bila kutapika si jambo dogo. Kuna wanaoacha tiba inayowaponya kwa sababu ya kutapika. Chama cha Marekani cha Madaktari wa Saratani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, kinaikubali kazi hiyo, na papo hapo kinawashauri madaktari wakatae matumizi ya bangi au kanabinoidi kama dawa ya kupambana na saratani yenyewe nje ya majaribio ya kitabibu. Mgonjwa ambaye tayari anatumia mafuta ya bangi nyumbani amwambie daktari wake bila kuona haya, kwani CBD huzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyochakata dawa za saratani, na daktari asiyejua hawezi kurekebisha dozi.

Njia inayofaa kufuatwa ipo, na inakwenda polepole. Chris Twelves na wenzake wa Leeds, Uingereza, walichapisha mwaka 2021 jaribio la wagonjwa 21 wa glioblastoma iliyorudi. Wote walipata temozolomidi, dawa ya kawaida. Wagonjwa 12 waliongezewa dawa ya kupuliza mdomoni yenye THC na CBD, na tisa walipuliza isiyo na kitu. Baada ya mwaka mmoja, 83% ya kundi la kwanza walikuwa hai, na 44% ya kundi la pili. Tofauti inavutia, lakini kwa watu 21 wagonjwa wawili au watatu tu wanaweza kuigeuza, na watafiti wenyewe walisema jaribio halikupangwa kuthibitisha uwezo wa dawa. Ndiyo maana limefuata jaribio kubwa zaidi, ARISTOCRAT, linaloongozwa na Susan Short wa Leeds, ambalo lilianza kuandikisha wagonjwa mwaka 2023 katika hospitali za umma za Uingereza. Wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu, na si wao wala madaktari wao wanaojua nani anapuliza dawa na nani anapuliza isiyo na kitu. Hapo hakuna atakayehesabu zambarau iliyofifia. Kipimo kikuu ni muda ambao mgonjwa anaishi.